Miguu Mitatu Inatosha

Aline, na wenzako mliobaki pale kliniki ya wanyama Lidcombe: nimestaafu Ijumaa iliyopita, mkanikatia keki, mkanipigia makofi, kisha kila mmoja wenu akaniambia, "Mama Riziki, tuandikie unayoyajua kabla hujayasahau." Sijasahau kitu. Lakini nimekaa hapa Quakers Hill, nyumba iko kimya, mikono inaniwasha kwa kukosa kazi, basi naandika. Nani alipanda cheo na nani alilipwa vizuri, hayo hamtayapata hapa. Nitawaandikia habari za fereti, hasa wale waliokatwa miguu, kwa sababu hao ndio walionigombanisha na watu, na sijutii hata ugomvi mmoja.

Kwa asiyewajua, fereti ni kinyama kirefu chembamba, ndugu wa kicheche, chenye uso wa mjanja na harufu ambayo hutaizoea hata ukifanya kazi miaka ishirini. Watu wa hapa wanamfuga ndani ya nyumba kama paka. Nilipopata kazi hii, kina mama wa kanisani walinicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja wao, Mama Zawadi, jirani yangu tangu Uvira, alinisimamisha mlangoni baada ya ibada. "Dada, njo kazi gani hiyo? Batu bako bagonjwa, bazee banatafuta wa kubaangalia, weye unaenda kuchunga bipanya!" Nilimjibu kwamba wazee hao wananing'ang'ania mkono na kunieleza habari za nyumba walizouza, lakini fereti akinichoka ananing'ata, tunamalizana hapo hapo. Alicheka, ila hakuridhika. Mpaka leo akinitambulisha kwa wageni anasema nilikuwa "kwenye hospitali" na kuishia hapo.

Siku yangu ya kwanza nilikuja kama mfagiaji. Nilikuwa nimetoka kwenye ghala la maboksi, mgongo umekataa, na kliniki ilihitaji mtu wa kuosha vizimba. Nikafungua kizimba cha pili kutoka dirishani, nikakuta fereti amelala chali, mdomo wazi, ulimi nje. Nikamgusa, hakutikisika. Nikamwinua, akaning'inia kama soksi iliyolowa. Nilimfunika na taulo, nikafanya ishara ya msalaba, nikaenda kumwambia daktari kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba mgonjwa ametangulia. Dokta Frances alikuja mbio, akafunua taulo, akamkwaruza kidogo shingoni. Marehemu alipiga mwayo. Fereti hulala hivyo, wenzangu, usingizi wa kufa kabisa, na kila mfanyakazi mpya lazima azike mmoja kabla hajajua. Dokta Frances hakunicheka mbele ya watu. Alisubiri mpaka chakula cha mchana, akacheka peke yake jikoni kwa muda mrefu.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, anavaa viatu vya bustani mpaka chumba cha upasuaji. Aliniona siku moja jinsi nilivyomshika fereti aliyetoka kwenye nusukaputi, akaniuliza nilijifunza wapi kushika mgonjwa. Nikamwambia hospitali ya Uvira, upande wa walinzi wa wagonjwa. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Ndugu mmoja anahamia naye, analala chini ya kitanda, anampikia, anamwosha, anamgeuza, anagombana na wauguzi kwa niaba yake. Sisi tunamwita garde-malade, na hospitali isiyo na watu hao kwetu ingefungwa kesho yake. Mimi nilikuwa garde-malade wa mdogo wangu Amisi miezi minne, alipokatwa mguu wa kulia kwa sababu ya risasi. Dokta Frances alisikiliza yote, akasema, "Basi weka ufagio chini." Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache na ninawaachia vyote. Mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, na bakuli la plastiki juu yake, kwa sababu fereti aliyekatwa mguu unampima kila asubuhi, na uzito hausemi uongo kama mwenye mnyama anavyosema uongo. Bomba la sindano lisilo na sindano, la kumlishia. Taulo nyingi kuukuu. Trei ya choo iliyokatwa ukingo wa mbele, maana mwenye miguu mitatu hawezi kuruka ukingo siku za mwanzo. Toeni bembea, toeni ngazi, toeni mabomba ya kupita, kizimba kiwe tambarare kama mkeka. Na soksi. Ile kola ya plastiki wanayovishwa mbwa ili wasilambe kidonda, kwa fereti ni kazi bure: shingo yake na kichwa chake ni unene mmoja, anaivua kabla hujageuka. Mimi nilikata soksi za watoto, nikatoboa matundu ya miguu, nikashona pindo, nikawavisha kama fulana. Binti yangu Riziki alikuta soksi zake za shule zimekwisha kwenye droo, akaja juu. "Mum, seriously? Kwa rat?" Nikamwambia si panya, na soksi zenyewe hakuwa anazivaa.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu mkiambiwa mazuri tu mtadhani kazi hii ni ya malaika. Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi tulikuwa na fereti mzee jike, aliyekatwa mguu wa mbele kwa uvimbe. Kila akigusishwa chakula cha kliniki mdomoni, hataki. Roho iliniuma. Mimi nilikuwa na chupa yangu ya chai, na ndani yake, siku hiyo, kulikuwa na uji wa mahindi mwepesi wenye sukari, uji wa mgonjwa, ule ambao mama yangu alininywesha na mimi nikamnywesha Amisi. Nikavuta kidogo kwenye bomba, nikamwekea mdomoni. Alilamba! Nikamwongeza. Nilijiona bingwa. Baada ya saa moja alikuwa amelegea, udenda unamtoka, macho yanatazama ukuta, miguu iliyobaki haimshiki.

Dokta Frances aliuliza chumba kizima, "Amekula nini?" Watu wakatazamana. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeniona. Nilisema, "Uji wenye sukari. Mimi." Alikimbia akamtundikia dripu, akakaa naye mpaka akainua kichwa. Ndipo akanieleza: fereti ni mla nyama mtupu, tumbo lake halijui nafaka, na wengi wakizeeka kongosho linaharibika, sukari ikiingia ghafla, kongosho linaipiga chini kupita kiasi, na mnyama anazima. Akasema, "Ungenyamaza dakika kumi, angekufa. Kuanzia leo chochote unachofanya na mgonjwa, unaandika ubaoni na jina lako." Nimeandika tangu siku hiyo. Kwa hiyo sikieni: hakuna uji, hakuna asali, hakuna maziwa, hakuna matunda. Na Panadol ya binadamu kwa fereti ni sumu, hata ukimega nukta. Ni nyama iliyosagwa laini, vuguvugu, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, na dawa ya maumivu aliyoandika daktari, kwa wakati wake, hata kama mgonjwa anaonekana mzima. Fereti huficha maumivu. Anayesaga meno na kufumba macho nusu anaumwa, msidanganyike.

Sasa Digger. Digger alikuwa dume la miaka mitatu, la rangi ya mchanga, mali ya Mzee Col wa Guildford, fundi wa paa aliyestaafu, mjane, anayeishi na fereti wawili tu: Digger na jike aitwaye Mabel. Mzee Col alikuwa na kiti kile cha kupumzikia chenye wenzo pembeni, ukivuta, sehemu ya miguu inanyanyuka. Fereti wanapenda kulala ndani ya viti hivyo. Jumapili moja alivuta wenzo, na Digger alikuwa ndani.

Jumatatu Dokta Frances alimkata mguu wa nyuma wa kushoto. Upasuaji ulikwenda vizuri. Jumanne Digger aliamka, akajikokota mpaka kona ya kizimba, akageukia ukuta. Kila nilichomwekea mdomoni alikitema. Nilipasha nyama, nikailainisha, nikaipaka kwenye fizi, akaitema kwenye aproni yangu. Jumatano asubuhi mizani ilikuwa imeshuka tena. Mchana Mzee Col akapiga simu. Trish, meneja wetu, alipokea, akaandika kwenye daftari la miadi, akaja kuniambia: kama Digger hatakula mpaka Ijumaa saa kumi jioni, Mzee Col anataka achomwe sindano ya mwisho. "Hataki ateseke, love," akasema Trish. "Na kusema kweli, fereti wa miguu mitatu ni maisha gani hayo?"

Maneno yale niliwahi kuyasikia, kwa Kiswahili, kutoka kwa baba yangu mdogo, kando ya kitanda cha Amisi: bora Mungu amchukue, atakuwa mzigo. Amisi alikuwa macho, alisikia. Aligeukia ukuta, hakula siku tatu. Leo ana watoto sita na duka la kushona nguo, na kila Jumamosi ananipigia simu kunifokea kwamba sipigi simu. Basi nilimwambia Trish, "Ni maisha yake. Muulize yeye." Akatikisa kichwa, akarudi mapokezi. Dokta Frances alisema mwenye mnyama ndiye mwenye uamuzi, na hilo ni kweli. Kwa hiyo nilikwenda kwa mwenye mnyama.

Hairuhusiwi kwenda nyumbani kwa mteja. Nilijua. Nilipotoka kazini nilipanda treni mpaka Guildford, nikabisha hodi kukiwa bado mchana mweupe. Kile kiti kilikuwa nje, kando ya barabara, kwenye nyasi, kikisubiri gari la halmashauri la kukusanya vitu chakavu. Mzee Col alifungua mlango akiwa hajanyoa. Nikajitambulisha. Akaanza mara moja, hata hakunikaribisha: "Nimefanya mimi. Kwa mkono huu. Kila nikimwona anachechemea nitakumbuka."

Nikamwambia, "Kwa hiyo afe ili wewe usikumbuke?"

Si jibu la adabu, najua. Mzee wa umri ule kwetu huzungumzi naye hivyo. Nilidhani atanifungia mlango. Kisha nyuma yake nikamwona Mabel. Alikuwa anazunguka sebule, ananusa chini ya kabati, anarudi, ananusa tena. Nikamuuliza anatafuta nini. "Anafanya hivyo tangu Jumapili," akasema Mzee Col. "Wanalala pamoja tangu wakiwa wadogo. Na yeye hali sana." Hapo ndipo nilipotambua ujinga wangu wa siku mbili nzima. Nilikuwa nimemlaza mgonjwa peke yake. Mimi, mtu wa Uvira!

"Kesho asubuhi niletee huyu," nikamwambia. Akauliza kama kliniki inaruhusu. Nikamjibu kwamba hairuhusu, na alete pia chakula chake cha nyumbani.

Alhamisi saa mbili asubuhi Mabel aliingia kizimbani akiwa na bakuli lake la tembe kavu za nyama. Sheria yetu ilisema mgonjwa wa upasuaji hachangii kizimba, na sheria hiyo haikutungwa na wajinga: mnyama mwingine anaweza kung'oa nyuzi. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: DIGGER YUPO NA MABEL, NIMEWAWEKA MIMI, na jina langu. Mabel alimnusa Digger kuanzia masikioni mpaka kwenye kile kidonda. Digger hakugeuka. Mabel akampanda juu kama vile hana kidonda, akajilaza shingoni mwake, akalala ule usingizi wa kufa. Mchana wote hali ilikuwa hiyo hiyo, naye Digger hakula.

Alasiri niliitwa nikamshike sungura wa mtu. Niliporudi Mabel alikuwa ameingiza pua chini ya ile fulana ya soksi, na uzi mmoja ulikuwa nje. Sitaupunguza uzi huo wala sitauongeza: ulikuwa mmoja, na ulikuwa kosa langu, kwa sababu garde-malade mwenyewe anahitaji mtu wa kumwangalia. Dokta Frances aliurudisha bila kusema kitu. Trish alisema. Alisema mbele ya wote, akaniagiza nimtoe Mabel papo hapo.

"Simtoi," nikasema.

"Mama Riziki, sikuombi."

"Najua huniombi. Simtoi mpaka kesho saa kumi. Nikimwacha tena hata dakika moja, nifukuze."

Nilivuta kiti, nikaketi mbele ya kizimba, nikaingiza mkono, nikauweka kati ya pua ya Mabel na kile kidonda. Niliketi mpaka tukafunga. Wewe Aline ulikuwa mpya wiki ile, ulikuja ukaninong'oneza, "Mama, roster inasema uko laundry. Watakupa warning, I'm serious." Nikakuambia uzifue wewe hizo taulo, na ulizifua, nakushukuru. Tulipofunga nilimtenga Mabel kwenye sanduku lake kando ya kizimba, nikaenda zangu nyumbani nikiwa na hasira na hofu. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya fereti. Mama Zawadi asisome hapa.

Ijumaa asubuhi Digger alikuwa mwepesi kuliko Alhamisi. Nilimrudisha Mabel ndani, nikaketi tena. Mnapaswa kujua kwamba fereti ni mwizi kwa asili, na kila anachokipata anakificha. Kufika saa tano Mabel alichoka kulala, akaanza kazi. Alichukua tembe moja kutoka kwenye bakuli, akaizungusha kizimba kizima, na kwa kuwa nilikuwa nimetoa kila kitu cha kufichia, akaichomeka mahali pekee palipobaki: chini ya kidevu cha Digger. Akarudi kuchukua nyingine. Sikuona huruma yoyote kwenye uso wake, alikuwa anaficha mali yake tu. Tembe zikajaa pale, nyingine juu ya pua yake. Digger akafungua jicho moja. Mabel alipoleta ya kumi hivi, Digger alimfokea kwa ule mlio wao wa kuzomea, akashika tembe kwa meno, akaitafuna. Nadhani alikasirika kuliko alivyokuwa na njaa. Mimi nililia pale pale kitini, mkono wangu bado ndani, wala sikujifuta.

Alikula nne kabla ya saa saba. Saa tisa alikula nyama laini kwenye kidole changu, akaking'ata na kidole chenyewe. Saa kumi kasoro Mzee Col aliingia na blanketi dogo la kumzungushia, uso wake mweupe. Trish alikuwa ameshaandaa chumba. Nikamtoa Digger, nikamweka sakafuni mbele ya mzee. Mzee akageuza macho.

"Mtazame," nikamwambia. "Yeye hajakukataa."

Digger alisimama, akaangukia upande wa kushoto, akasimama. Akapiga hatua tatu za kwenda pembeni, mgongo umepinda, akaanguka tena, akainuka, akafika kwenye kiatu cha Mzee Col, akakamata kamba na kuanza kuivuta kwa nguvu zake zote. Mzee Col aliketi chini, mtu mzima yule na magoti yake mabovu, akaweka uso mikononi. Baada ya muda akamuuliza Dokta Frances nyuzi zitatolewa lini.

Jumatatu Trish aliniita ofisini. Barua ya onyo ilikuwa mezani, imechapwa vizuri: nilikwenda nyumbani kwa mteja, niliweka wanyama wawili kizimba kimoja, uzi uling'oka. Nikasoma yote. "Ni kweli," nikamwambia. "Lakini kuna la nne, nilikataa agizo lako. Liongeze." Akaliongeza kwa kalamu. Chini kulikuwa na sentensi ya mwisho, ya mimi kukiri kwamba sitarudia, na mstari wa saini. Nilichukua kalamu yake, nikaikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja ulionyooka, nikasaini.

"Huwezi kukata sentensi kwenye barua ya ofisi," Trish akasema.

"Saini umeipata. Hiyo nyingine ingekuwa uongo."

Akaitia barua kwenye faili vile vile ilivyo. Sasa nimeondoka na mtakuja kulipanga upya kabati la mafaili, mtaikuta. Msinitetee, tafadhali. Msiseme mama wa watu alikuwa mgeni, Kiingereza kilimpita, hakujua sheria. Nilizijua zote, na tangu siku ile nilirudia kila nilipoona inafaa.